Mjomba Barazani: “Niende Uswisi kutafuta amani, ama nibaki Likoni?”

Kila kipupwe kikiingia Mombasa na sisi tukaanza kutafuta shuka nzito, kule Ulaya ndiyo kwanza jua lawaka, na wenye makongamano huanza kuita watu. Mwezi huu barua zenu zimeelemea huko. Nimechagua nne. Ile ya bwana aliyetaka nimwandikie maombi ya ufadhili nimeiweka kando. Hiyo ni kazi ya wenye saiba, na bei yao haiumizi.

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, mkaazi wa Likoni, na niko kwenye kamati ya amani ya vijana ya mtaa wetu. Niliomba nafasi katika mkutano wa mwezi wa saba huko Caux, Uswisi, wa mambo ya maadili na kujenga amani, nikakubaliwa. Chakula na malazi watanilipia; nauli ya ndege na viza ni juu yangu. Mama yuko tayari kutoa pesa zake za chama, kile cha kuchanga na kupokea kwa zamu. Baba hataki kusikia. Asema hao ni wamishenari waliobadilisha jina, na kwamba amani ya Likoni haiko Ulaya. Wenzangu kwenye kamati wamenuna, wasema nimejipendekeza. Nifanye nini? – Binti wa Likoni*

Marahaba, mwanangu. Nianze na baba yako, maana mzee huyo hajakosea yote.

Nyumba utakayofikia ilijengwa iwe hoteli ya matajiri. Caux Palace ilifunguliwa mwaka 1902, mlimani juu ya mji wa Montreux, Ziwa Geneva liko chini miguuni. Vita viliifilisi. Wakati wa Vita vya Pili ilihifadhi wakimbizi, wakiwemo Wayahudi, na mwaka 1946 familia za Kiswisi zipatazo mia zikachangishana zikainunua, ili watu waliotoka kuuana wapate pahali pa kukutana. Waliopewa kuiendesha ni Moral Re-Armament, harakati iliyoanzishwa mwaka 1938 huko London na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri kutoka Marekani. Kwa hivyo baba akisema mzizi wake ni wa Kikristo, mkubalie. Na jina kweli lilibadilishwa: tangu mwaka 2001 waitwa Initiatives of Change.

Lakini mwambie pia kwamba kati ya waliowahi kukalia kiti cha urais wa harakati hiyo duniani ni Mohamed Sahnoun, mwanadiplomasia Mwislamu wa Algeria, yule aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa Somalia mwaka 1992. Baada yake akaja Rajmohan Gandhi, mjukuu wa Mahatma. Hakuna atakayekutaka uache swala. Asubuhi huwa na kipindi cha kukaa kimya na daftari, mtu aandike yanayomjia kuhusu maisha yake, wapi amedanganya, nani amemkosea. Baba akitishika, mkumbushe muhasaba wa nafsi baada ya alfajiri. Hakuna mzee wa msikitini asiyeujua. Tofauti ni kwamba hao baadaye humsomea mwenzao walichoandika. Hapo tumia akili. Siri za nyumba yenu si mchango wa mkutano.

Sasa wewe. Ukifika huko utasimuliwa kisa cha Irène Laure, na wataeleza kwa hisia kweli kweli. Alikuwa mama wa Kifaransa, msoshalisti, aliyepigana kwa siri na Wanazi kule Marseille. Mwanawe aliteswa na hao Wajerumani. Mwaka 1947 alifika Caux, akawakuta Wajerumani ukumbini, akaanza kufunga virago. Buchman akamuuliza: Ulaya utaijenga upya vipi bila Wajerumani? Akajifungia chumbani. Alipotoka alipanda jukwaani akawaomba Wajerumani msamaha. Si kwa waliyomtendea, la. Aliomba msamaha kwa chuki aliyokuwa nayo moyoni, ya kutaka taifa zima lifutwe.

Wasimulizi wengi huishia hapo, ukumbi ukijipangusa machozi. Mimi kinachonivutia ni kilichofuata. Yeye na mumewe walikwenda Ujerumani yenyewe, wakazunguka wiki baada ya wiki, mji baada ya mji uliobaki vifusi, wakisema maneno yale yale mbele ya watu ambao huenda mmoja wao ndiye aliyemtesa mwanawe. Mlimani palikuwa ni pa kuanzia tu. Na usikubali kila sifa. Wapo wapenzi wa nyumba ile wanaosema kana kwamba umoja wa Ulaya ulizaliwa jikoni kwao. Mpango wa Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, wa Mei 1950, wa kuunganisha makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani, ulisukumwa na mengi: pesa za Marekani, hofu ya Warusi, hesabu za viwanda. Ila ni kweli kwamba watu waliokuja kuutekeleza baadhi yao walikuwa wameshakula meza moja Caux, na hilo si dogo.

Kwa hivyo swali langu si kama uende. Nani Mjerumani wako?

Wewe hukuwa umezaliwa usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa. Zaidi ya watu mia waliuawa katika siku zile, na maelfu ya watu wa bara, ndio waliolengwa, wakakimbia na magodoro kichwani. Wengine walilala kanisani wiki nzima na zaidi. Waliorudi, wapo waliokuta mabati ya nyumba zao juu ya paa la mtu wanayemjua. Mimi nilikaa katika vikao vya baada ya hapo. Nakumbuka mama mmoja muuza mboga hakutaka kulaumu mtu wala kusamehe mtu. Alichotaka ni mizani yake, ya chuma, yenye alama ya rangi nyekundu kwenye sahani, kwa sababu alikuwa anaiona kila siku pale sokoni mbele ya meza ya mwingine. Wazee walizungumza umoja na undugu mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyegusa habari ya mizani. Mama akajifunga leso yake akaondoka.

Mtaani kwenu lazima kuna kitu cha aina hiyo. Pengine kuna nyumba ambayo Ramadhani sahani ya futari haipelekwi, na ukiuliza sababu wakubwa wanabadilisha mazungumzo. Ukiwa nacho, nenda Caux nacho. Ukikosa, utarudi na cheti na picha za ziwa, na hao wenzako walionuna watakuwa na haki ya kununa.

Kuhusu kamati, kabla hujapanda ndege waite, uwaambie: nipeni maswali matatu ambayo hatujaweza kuyajibu. Yaandike mbele yao. Mtu aliyekutuma hakuonei gere sana kama yule uliyemuacha.

Pesa. Viza ya Schengen, ile inayokuingiza Uswisi na nchi nyingi za Ulaya, ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Watataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombi hupokewa mapema hata miezi 6 kabla ya safari na halipokewi zikibaki chini ya siku 15; wewe usingoje, panda treni ya SGR Miritini ukajaze mapema kituo cha viza Nairobi. Tiketi ya ndege weka nafasi tu, usilipe kabla ya viza. Wewe ni kijana, hujaolewa, huna mshahara wa kudumu: shaka yao kubwa itakuwa kwamba hutarudi. Beba barua ya kamati, barua ya chifu, na chochote kinachoonyesha una kazi inayokungoja. Na kabla hujaugusa mfuko wa mama, waandikie wenye mkutano uwaulize wazi kama wana fungu la nauli. Wakisema hawana, pesa ya mama iwe deni, liandikwe, na tarehe ya kurudisha. Chama si sadaka. Zamu yake ikimpita anayeumia si wewe.

Jambo la mwisho. Mimi nimewahi kufika pale kama mkalimani. Wageni hufanya kazi: kukata mboga, kuandaa meza, kuosha vyombo. Niliwekwa kwenye karo la masufuria makubwa kama ya pilau ya harusi, na pembeni yangu walikuwa mabwana wawili wa nchi mbili jirani zilizokuwa zikirushiana risasi. Ukumbini hawakuwa wamesalimiana. Pale jikoni waligombana, kweli kweli, juu ya namna ya kupanga sahani. Siku ya pili mmoja alimtolea mwenzake aproni kavu. Hawakukumbatiana, wala sijui nini kiliwapata baadaye. Lakini ukipangiwa zamu ya jikoni usiikwepe ukakimbilia vikao vya wakubwa.

*Mjomba, salaam. Mwanangu yuko chuo. Amepata barua kwenye simu kwamba amechaguliwa kwa mkutano wa vijana na amani, wiki moja New York halafu wiki moja Dakar. Tiketi na viza bure, ila hoteli ya Dakar alipe mwenyewe dola 420 kabla ya Ijumaa. Hakuomba popote, lakini barua ina nembo ya Umoja wa Mataifa. Baba yake kashaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi. – Mama wa Changamwe*

Dada yangu, mrudishe mbuzi zizini.

Huu ni wizi wa zamani, umevaa shati jipya. Mtindo wake ni huo huo: nchi mbili, kila kitu bure, na kitu kimoja kidogo cha kulipia, hoteli, tena hoteli waliyoichagua wao. Ukishalipa patatokea bima, baada ya bima cheti cha afya. Nembo yoyote mtoto wa darasa la sita anaweza kuibandika. Umoja wa Mataifa wenyewe umeonya mara nyingi kwamba hautozi ada ya kuhudhuria mikutano yake wala hauombi namba za akaunti.

Mwenye mkutano wa kweli ni msumbufu. Atataka ueleze umefanya nini, ataomba barua ya mtu anayekujua, pengine akupigie simu ya video akuulize maswali mpaka uchoke. Mwizi hakuulizi chochote kukuhusu zaidi ya jina na pesa. Na ada halali ya viza hulipwa ubalozini au kwenye kituo cha viza kilichotajwa na ubalozi, hailipwi kwa namba ya simu ya mtu.

Kama kuna kiasi kimeshatoka kwa M-Pesa, pigeni simu Safaricom saa hiyo hiyo wajaribu kuizuia, kisha kijana apeleke barua na ujumbe wote polisi. Asifute kitu kwa aibu. Aibu ndiyo inayowalisha hao.

*Salaam alaykum Mjomba. Mimi ni mtu wa boda hapa Kisauni. Nimeona kwenye simu watu wetu wameenda Ulaya kwa mikutano ya kubadilisha dunia, ati mabadiliko yanaanza na nafsi yako. Mjomba, nafsi yangu haina tatizo. Tatizo langu ni kiwanja. Babu alizikwa hapo, baba kazikwa hapo, na kila mwaka anakuja mtu na karatasi anasema ni pake. Huku vijana wanakatana mapanga usiku, na huko wao wanapewa chai. Hiyo mikutano inatusaidia nini? – Mwendesha boda*

Waalaykum salaam, kijana wangu. Barua yako niliibandika ukutani, na sikujibu upesi kwa sababu haina jibu la upesi.

Una haki ya kukasirika. Ardhi ya Pwani haikupotea kwa sababu watu walikuwa na nyoyo chafu. Ilipotea kwa sheria. Mwingereza mwaka 1908 alileta sheria ya hati, kwamba kila mwenye ardhi katika ukanda wa Pwani aje adai, na isiyodaiwa ni ya Serikali. Aliyejua kusoma na aliyekuwa na wakili alidai. Mijikenda waliokuwa wakilima bila karatasi waliamka wakiwa wageni kwenye makaburi ya babu zao. Uhuru ukaja 1963, karatasi zikabaki pale pale, zikabadilisha mikono tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na dhuluma za ardhi za Pwani zimo. Ripoti imelala. Huwezi kumwambia mtu achunguze nafsi yake na huku tingatinga linanguruma nyuma ya choo chake. Anayetoka semina akakwambia hivyo, mpe helmeti mpeleke Kadzandani akaone.

Na hili ndilo ninalowalaumu wenye makongamano haya: wanajua sana kumfanya mnyonge asamehe. Kumfanya mwenye shamba arudishe, hapo sauti hushuka. Si kwamba hawajagusa matajiri kabisa. Mwaka 1986 pale pale Caux wafanyabiashara wa Ulaya, Marekani na Japani, wakiongozwa na Frederik Philips wa kampuni ya redio na balbu, walianza kukutana kwa sababu vita vya biashara baina yao vilikuwa vinanuka, na mwaka 1994 wakatoa kanuni za maadili ya biashara. Ni kanuni nzuri. Hazina polisi.

Lakini usifunge mlango wote. Wajua habari za Imam Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye wa Kaduna, Nigeria? Walikuwa wakiongoza vijana wa mapanga, kila mmoja upande wake, kama hao unaowasikia usiku. Mwaka 1992 Wuye alikatwa mkono wa kulia. Ashafa aliuliwa mwalimu wake wa dini na binamu zake wawili, akakaa miaka akipanga kisasi. Walikutanishwa 1995, na Wuye mwenyewe amekiri kwamba kwa muda mrefu bado alikuwa akiwaza kumuua mwenzake. Watu wa ile nyumba ya Caux ndio waliosaidia kisa chao kusikika duniani, na baada ya ghasia zetu za uchaguzi za 2007 na 2008 wawili hao walikuja hapa Kenya, Burnt Forest, wakakaa na Wakalenjin na Wakikuyu.

Ugomvi wa Burnt Forest nao ulikuwa wa nini? Ardhi. Hawakuja na hati mfukoni. Walichofanya ni kuwafanya watu waliokuwa hawawezi kukaa bati moja wakae, wataje kila mtu kilichomuuma, bila mwanasiasa kuwanong’oneza. Maana hapo ndipo tunapopigwa sisi. Angalia shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930. Mgogoro ulikwenda miaka na miaka, na Januari 2016 Serikali ikaleta hati. Watu walishangilia, halafu wakasikia kuna kulipa, na wakaanza kuulizana nani yumo kwenye orodha na nani kaachwa. Kikao cha wenyewe kwa wenyewe kabla ya orodha kingeondoa nusu ya makelele yale. Hati inatoka wizarani, lakini nani ni jirani yako halali hilo halijui waziri.

Wewe binafsi sikutumi Uswisi. Nakutuma kwa wenzako wa stegi. Kuna wangapi wenye tatizo la kiwanja kama lako? Mkiwa kundi, na makaburi yamepigwa picha, na wazee wameandikiwa maneno yao wakiwa bado hai, nendeni Tume ya Taifa ya Ardhi kwa pamoja, muulize dai kama lenu lapokewa wapi. Mtu mmoja na karatasi yake huwa anarudishwa kesho. Na yule binti wa Likoni hapo juu, kama anasoma, hilo ni swali la nne la kubeba: wenye ardhi wanaalikwa lini?

*Mjomba, kijana wangu wa Majengo naye kaitwa huko huko Uswisi mwezi wa saba. Mimi yangu madogo. Atakula nini, ataswali vipi, na baridi je? – Mama Mkubwa*

Shemeji, hayo si madogo.

Chakula: nyama asiitegemee. Waswisi walipiga kura mwaka 1893 kukataza mnyama kuchinjwa bila kutiwa ganzi kwanza, na hadi leo ndivyo. Nyama ya halali ipo mijini, nyingi yatoka nje, lakini mlimani ajaze kwenye fomu mapema kwamba ala samaki na mboga. Jibini ataipata mpaka aikimbie. Pilipili abebe yake.

Swala: saa zao ziko nyuma yetu saa moja tu, lakini jua la mwezi wa saba halitaki kuzama. Magharibi ni kama saa tatu na nusu usiku, na Isha yaelekea saa sita. Alfajiri nayo yaja upesi. Aulize chumba cha swala siku ya kwanza, asione haya. Adhana hataisikia. Nchi hiyo yenye nyumba ya maridhiano ndiyo iliyopiga kura mwaka 2009, asilimia 57, kukataza minara mipya ya misikiti. Ningependa alitaje hilo kikaoni, kwa adabu, aone wenyeji wake watasema nini.

Baridi: Montreux chini kuna joto la kuvaa shati. Lakini treni ya meno, ile yenye gurudumu la kung’ata reli isiteleze mlimani, ikishampandisha Caux, kama mita 1,000 juu ya bahari, jioni atatafuta sweta na soksi. Anunue mitumba Kongowea kabla ya safari. Huko sweta moja ni bei ya mkoba mzima wa hapa.